Magurudumu kichwani mwa ngazi: kurefusha ngazi ya vipande bila kugombana na ukuta

Ngazi ya vipande ina dakika mbili mbaya kuliko zote, na mara nyingi katika dakika hizo hakuna mtu juu yake. Ni pale kipande cha juu kinapovutwa huku kichwa chake kikikwaruza ukuta. Kwenye lipu laini kichwa kinateleza na kuacha mistari miwili ya kijivu ambayo mwenye nyumba ataiona kabla hajaiona kazi yenyewe. Kwenye tofali za kuchoma zisizopigwa lipu, na kuta za namna hiyo ni nyingi huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Uyole hadi Mafinga, kichwa kinanasa kwenye ukingo wa tofali lililotokeza. Mvutaji anaongeza nguvu, ngazi inapinda kama upinde, kisha kichwa kinajinasua ghafla. Kinaruka, kinaachana na ukuta, kinarudi kwa kishindo. Loki, yaani ndoano zinazokishikilia kipande cha juu, zikiwa bado hazijakaa, kipande kizima kinashuka, na vidole vilivyoshika kidato ndivyo vinavyolipa.

Kuna kifaa kidogo cha kuondoa mkwaruzo huo: vyuma viwili, kila kimoja kina gurudumu na raba, vinabanwa kichwani mwa kipande cha juu, kimoja kila upande. Mchomeleaji wa Mwanjelwa au wa Mafinga hashindwi kukitengeneza akipewa vipimo. Kasoro huwa kwenye vipimo hivyo hivyo. Wengi huagiza gurudumu lichomelewe kileleni kabisa, basi. Ngazi inapanda kwa raha, kila mtu anasifu. Halafu fundi anapanda na ndoo yake, na ngazi bado imesimama juu ya magurudumu.

Gurudumu linatakiwa liguse ukuta wakati wa kurefusha tu. Wakati wa kupanda liachie, na raba ishike. Hilo linawezekana bila springi, bila breki wala kamba ya pili, kwa kupanga tu nani akae wapi.

Majina kwanza

Miimo ni zile nguzo mbili za pembeni, na vidato ni vya kukanyaga. Kipande cha chini hakitembei. Cha juu kinapanda kikishikiliwa na vishikizo vya pembeni. Kamba imefungwa kwenye kidato cha chini cha kipande cha juu, inapanda hadi kwenye kapi iliyo karibu na kichwa cha kipande cha chini, kisha inashuka kwa mvutaji. Ukivuta mita moja, kichwa kinapanda mita moja. Ngazi ya vipande vitatu, ambayo kipande cha tatu kinavutwa na waya wake, ina hesabu nyingine: mita moja ya kamba inapandisha kichwa mita mbili, na mkono unahisi uzito zaidi kwa sababu hiyo hiyo. Anayezoea ya vipande viwili akapewa ya vitatu huwa anashtuka kichwa kimefika kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa, kabla hajajipanga.

Loki ni zile ndoano mbili za chuma zilizo kwenye kipande cha juu, zinazokalia kidato cha kipande cha chini. Zenyewe ndizo zinazobeba mtu. Kamba haibebi mtu.

Nne kwa ishirini

Raba inakaa kileleni, upande wa mwimo unaotazama ukuta. Gurudumu linakaa sentimita 20 chini yake, likitokeza sentimita 4 zaidi ya uso wa raba. Namba hizo mbili ndizo kifaa chenyewe. Mengine ni chuma tu.

Nne kwa ishirini ni moja kwa tano. Maana yake ni kwamba mguu wa ngazi ukiwa mbali na ukuta kwa moja ya tano ya urefu wa ngazi, gurudumu na raba vinagusa ukuta kwa pamoja. Ukiusogeza mguu ndani, ngazi ikasimama wima zaidi, gurudumu ndilo linalogusa na raba inabaki hewani. Ukiutoa mguu nje hadi moja kwa nne, ambao ndio mwinamo wa kupandia, raba inashika na gurudumu linaachia ukuta kwa karibu sentimita moja. Unaweza kupitisha kidole katikati, na ndivyo tunavyohakiki: kabla ya kazi ya kwanza na kifaa kipya, ngazi inasimamishwa ikiwa fupi, mguu unawekwa kwenye moja kwa nne, na magurudumu yote mawili yanazungushwa kwa mkono. Linalokataa kuzunguka linagusa ukuta, na kifaa kinarudi kwa mchomeleaji.

Sasa tazama kinachotokea namba zikikosewa. Gurudumu likitokeza sentimita 6 badala ya 4, sita kwa ishirini ni zaidi ya moja kwa nne, kwa hiyo hata kwenye mwinamo sahihi ngazi itakuwa juu ya magurudumu. Likitokeza 2 tu, itabidi ngazi isimame karibu wima kabisa ndipo gurudumu liguse, na hapo ngazi inaweza kukugeukia. Na hili ndilo linalowapata hata waliopima vizuri: raba inaisha. Ikilika sentimita moja, gurudumu linakuwa limetokeza 5, na tano kwa ishirini ni moja kwa nne kamili. Kifaa kilichokuwa salama mwezi wa sita kinakuwa kigari mwezi wa kumi na mbili bila mtu kugusa bolti hata moja. Raba ikilika nusu sentimita, ibadilishwe.

Kama mwimo unahitaji nafasi zaidi, umbali wa 25 na kutokeza 5 unatoa jibu lile lile. Usitumie umbali mfupi kuliko 20, maana kosa la milimita chache za mchomeleaji linakuwa kubwa mno kwenye uwiano.

Chuma, raba na bolti

Mwili wa kifaa ni flati ba ya upana wa milimita 40 na unene wa 5, vipande viwili vya sentimita 40. Kila kipande kinalala ubavuni mwa mwimo, kwa nje. Juu kinapindwa au kuchomelewa kibati kidogo cha sentimita 6 kwa 10 kinachotazama ukuta, na hapo ndipo raba inapofungwa. Raba nzuri ni ya tairi kuukuu, unene wa sentimita moja. Mkata katambuga anakukatia vipande viwili sawasawa kuliko utakavyokata mwenyewe kwa msumeno. Vichwa vya bolti za raba vizame ndani. Vikitokeza, vitachora ukuta na kuifanya raba isishike.

Gurudumu liwe la kipenyo cha sentimita 10, la mpira mgumu, lenye beringi au bushi, la aina isiyogeuka. Yale yanayogeukageuka kama ya kiti cha ofisi hayafai hata kidogo: yakikutana na kiungo cha tofali yanageuka upande na kuipeleka ngazi pembeni. Dogo la sentimita 5 linatumbukia kwenye kiungo kilichochimbika na kukwama, yaani umerudi ulikotoka. La sentimita 10 linapita kiungo na linaruka ukingo wa sentimita mbili hivi bila kulazimishwa. Kwenye linta, yaani boriti ya juu ya dirisha au mlango, iliyotokeza zaidi ya hapo halitaruka, na tutalirudia hilo.

Kwa gurudumu la sentimita 10, ekseli yake inakaa kwenye sikio lililochomelewa kwenye flati ba, nusu sentimita mbele ya uso wa mwimo. Kibati na raba vikichukua sentimita moja na nusu, gurudumu linatokeza 5 na nusu kutoka kwenye mwimo, tofauti ni 4. Wengi hupimia kutoka kwenye mwimo, wakapata 4, wakasahau kwamba raba nayo ina unene. Pima kutoka uso wa raba. Ekseli ni bolti ya M10 yenye nati ya nailoni, spana namba 17. Nati ya kawaida inalegea kwa mtikisiko, na gurudumu likichomoka kutoka mita 6 linamwangukia aliyeshika mguu.

Kubana kunafanywa kwa vibanio viwili kila upande: kipande cha flati ba cha sentimita 12 kimelazwa mkingamo na kuchomelewa kwenye mwili wa kifaa, mwenzake yuko upande wa ndani wa mwimo, na bolti mbili za M8 zinapita mbele na nyuma ya mwimo kuviunganisha. Jumla ni bolti nane, spana namba 13. Bolti zisipite katikati ya mwimo. Kutoboa mwimo wa alumini ni kuukatia ufa mahali pa kuanzia, na tundu likiwa karibu na ukingo ndiyo mbaya zaidi. Kuchomelea chuma kwenye alumini kwa mashine ya kawaida hakushiki, ila joto lake linailegeza alumini, kwa hiyo usimruhusu fundi ajaribu hata akikuhakikishia.

Kati ya chuma na alumini weka utepe wa tyubu ya baiskeli. Unashika vizuri, haukwaruzi, na unatenganisha metali mbili ambazo zikilowa pamoja huliana, na huku kwetu kulowa si jambo la kutafuta. Kaza hadi tyubu ianze kutoka pembeni, kisha acha. Miimo mingi ya alumini ni mitupu ndani au ina umbo la mfereji. Ukikaza kama unafunga nati ya gurudumu la Fuso utaikunja. Yenye mfereji, jazia kijiti cha mbao kwa ndani hapo pa kubana.

Kuhusu uzito: vyote viwili visizidi kilo 3. Uzito ulio kichwani unahesabiwa mara mbili wakati wa kusimamisha, kwa sababu uzito wa ngazi yenyewe uko katikati na huu uko mwisho. Kilo 3 kichwani ni kama kuongeza kilo 6 kwenye ngazi. Aliyetengeneza kwa anglaini nene na magurudumu ya toroli akapata kilo 8 asishangae ngazi ikimshinda.

Halafu jambo ambalo hakuna anayelifikiria hadi abomoe kitu: kifaa kikishafungwa, ngazi haifungi tena hadi mwisho. Vibanio vinagonga vishikizo vya kipande cha chini. Kwa hiyo kipande cha juu kitolewe vidato viwili kikiwa bado chini, loki zikae, ndipo kifaa kifungwe. Vidato viwili ni kama sentimita 60. Kimoja hakitoshi kwa sababu nyingine pia: kichwa cha kipande cha chini kiko karibu zaidi na ukuta kuliko cha juu, na kikiwa kimeachwa kidato kimoja tu ndicho kitakachogusa ukuta, magurudumu yakabaki yanazunguka hewani.

Kusimamisha na kurefusha

Chukua mfano wa ngazi ya mita 4 kwa 4, ambayo inatosha pembetatu za kuta, zile za chini ya paa, za nyumba nyingi za kawaida. Haiendi mita 8. Vipande lazima vipishane, na kwa ngazi ya ukubwa huu mpishano usipungue sentimita 90. Ukiacha mita moja kamili unapata mita 7, na hiyo ndiyo hesabu ya kufanyia kazi. Ngazi zilizotengenezwa vizuri zina kizuizi kinachokataa kuvuka hapo. Kizuizi hicho kikiwa kimeng'olewa ili "ifike kidogo", iache ngazi hiyo.

Kazi inataka watu wawili. Miguu ya ngazi inaegemezwa kwenye msingi wa ukuta ili isikimbie, kisha mnainua kuanzia kichwani mkitembea chini yake, kidato kwa kidato, hadi isimame. Hapo mmoja anashika miimo, mwingine anavuta miguu kutoka ukutani hadi sentimita 80. Magurudumu sasa yako ukutani. Kwa urefu wa mita 4.6 iliyo nayo, umbali huo ni chini kidogo ya moja kwa tano, hivyo raba iko hewani tayari. Jinsi ngazi inavyorefuka na mguu ukiwa pale pale, ndivyo inavyosimama wima zaidi: ikifika mita 7 itakuwa kwenye moja kwa nane na zaidi kidogo. Kwa hiyo anayeshika hapaswi kuachia hata kujifuta jasho, na sentimita 80 zisipunguzwe.

Anayeshika anashika miimo kwa nje. Asishike vidato, na asipitishe vidole katikati ya vipande viwili. Mvutaji anavuta mkono kwa mkono, polepole, bila kushtua. Kamba iwe ya milimita 10. Nyembamba inakata viganja. Ya katani ikilowa inavimba na kukwama kwenye kapi, na ya plastiki iliyoachwa juani msimu mzima inakatika ikiwa bado inaonekana mpya, kwa hiyo kabla ya kuitumia ipindue nyuzi zake uone kama zinatoa unga.

Mkubaliane maneno machache na yabaki hayo hayo kila siku. "Vuta." "Simama." Kisha swali na jibu:

"Dogo, loki?"

"Zimekaa zote mbili, fundi."

Neno "zote mbili" si la mapambo. Loki moja ikikaa na nyingine ikibaki hewani, ngazi inaonekana sawa ukiwa chini, ila mtu akipanda inajisokota, na ile iliyokaa inabeba mzigo wa mbili. Aliye chini aangalie kwa macho, kushoto kisha kulia, na mvutaji alegeze kamba kidogo aone kama kipande kinatua. Kikitua sawasawa, ncha ya kamba inafungwa kwenye kidato cha kipande cha chini. Isiachwe ikining'inia, maana watoto na mbuzi wote wanaipenda.

Ndipo mguu unatolewa nje. Kwa ngazi ya mita 7, moja kwa nne ni mita 1.7. Mnautoa kwa sentimita 20 au 30 kila mara, mmoja akishika miimo na mwingine akisogeza miguu, yote miwili pamoja. Mguu ukipita mita 1.4 mtahisi ngazi imekuwa nzito ghafla: raba imeshika. Kutoka hapo hadi mita 1.7 kichwa kitashuka kama sentimita 7 kikiburuta raba ukutani. Kwenye tofali hakuna shida. Kwenye lipu iliyokauka raba safi haiachi alama ya maana, ila ifute kwanza. Kwenye lipu mbichi usithubutu. Raba na gurudumu vyote vitazama.

Vidato vitatu vya juu si vya kukanyaga. Na mzigo usomwe kwenye kibandiko cha ngazi: zilizotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 131 zimeandikwa kilo 150, hesabu ikiwa ni mtu pamoja na vyote alivyobeba. Ndoo ya lita 10 ikijaa mchanga na saruji iliyokorogwa inakaribia kilo 20. Fundi wa kilo 80 na ndoo yake hana tatizo. Fundi wa kilo 80, ndoo, na saidia fundi aliyepanda nyuma yake kumpa mwiko, hao wamevuka.

Ardhi ya huku

Magurudumu hayajali ardhi, lakini miguu inajali, na miguu ikikimbia kifaa cha kichwani hakisaidii kitu. Tena gurudumu linaongeza sharti: wakati wa kurefusha, ukuta hauzuii kichwa kupanda wala kushuka, kwa hiyo kinachoishika ngazi ni mguu na mikono ya aliyeshika.

Udongo mwekundu wa Iringa na Njombe ukikauka ni kama sakafu. Ukilowa kuanzia Novemba hadi Aprili ni sabuni. Tukuyu hata baada ya hapo usiamini. Tandika ubao wa inchi 2 kwa 6, urefu wa mita moja na nusu, wenye papi (kijiti cha mbao) iliyopigiliwa upande wa nje ili iizuie miguu ya ngazi isiteleze kwenda nje. Nyuma ya ubao piga vigingi viwili vya mkaratusi vya sentimita 60, viingie ardhini theluthi mbili, viegemee kinyume na ngazi. Kwenye veranda ya saruji iliyosuguliwa kwa nta nyekundu, ile inayong'aa, vigingi haviwezekani: hapo kamba inafungwa kutoka kidato cha chini kabisa hadi kwenye nguzo au nondo ya dirisha upande wa ukuta, ikaze kabla mtu hajapanda.

Mteremko wa kushoto kwenda kulia ni wa kawaida Mbeya, maana mji mzima umekaa kwenye miinuko. Tofali chini ya mguu mmoja ndiyo dawa inayotumiwa na ndiyo inayoangusha. Chimba upande wa juu hadi miguu ilingane, weka pima maji kwenye kidato cha chini, kisha ubao. Dakika kumi za jembe.

Mwezi wa sita na wa saba, Makete na Njombe asubuhi kuna jalidi au umande mzito, na alumini inateleza kuliko mbao. Jua likipiga ngazi, futa vidato kwa gunia. Upepo ni jambo jingine. Ngazi ya mita 7 iliyo kwenye moja kwa nane ina mwegemeo mdogo sana ukutani. Upepo wa Makambako wa mchana unaweza kukinyanyua kichwa. Ukiona mikaratusi inainama, usirefushe. Afadhali kusubiri jioni, hata kama mwenye kazi amenuna.

Pale kifaa kisipofaa

Kifaa hiki ni cha kuta: lipu, rangi, kujaza viungo vya tofali, kufunga taa, kuziba nyufa kwenye pembetatu. Kama unapanda juu ya bati, ngazi inaegemea ukingo wa paa na kichwa kinapita juu ya ukingo kwa mita moja, basi magurudumu yatakuwa angani. Yatoe, maana yatanasa kwenye gata wakati wa kushusha. Na gata si pa kuegemeza ngazi. Egemeza kwenye fishabodi imara au ukutani chini yake.

Kwenye linta au kingo la dirisha lililotokeza kuliko sentimita mbili, usivute kwa nguvu ukitumaini gurudumu litaruka. Anayeshika anavuta miimo kidogo kuelekea kwake ili kichwa kiachane na ukuta kwa kiganja, mwingine anavuta kamba kidato kimoja, kichwa kinarudishwa. Kama panahitaji zaidi ya hapo, hamisha ngazi.

Dirisha likiwa kwenye njia ya gurudumu, hamisha vile vile. Ngazi ina upana wa sentimita 40 na kitu, magurudumu yakiwa nje ya miimo yanafika 50 hivi, na hayo yote yanaingia dirishani bila kuomba ruhusa. Kuta za tofali mbichi au zilizojengwa kwa udongo pia zina shida yake: gurudumu linabonyea mahali padogo na linachimba. Raba pana bila gurudumu ni afadhali huko, au jukwaa la mirunda.

Na kuna ngazi ambazo hazistahili kifaa chochote. Huku misitu iko jirani, Sao Hill yenyewe iko Mufindi, kwa hiyo ngazi za mbao ni rahisi na mtindo wa kufunga mbili kwa kamba ili zifike juu umeenea. Hazina loki. Fundo linategemea msuguano, mbao ikikauka inapungua na fundo linalegea lenyewe usiku. Vidato vilivyopigiliwa misumari kwa mbele vinabebwa na misumari peke yake. Kuziwekea magurudumu ni kuzipeleka juu kwa urahisi zaidi.

Nyaya za umeme zinazoingia nyumbani kwa kawaida zinafikia juu ya ukuta, mara nyingi kwenye pembetatu ile ile unayotaka kuipiga lipu. Alumini inapitisha umeme, na mbao mbichi nayo haikukingi. Kabla ya kusimamisha, pima kwa macho duara la mita 7 kutoka mguu ulipo: kila waya ulio ndani ya duara hilo ngazi inaweza kuuangukia. Ukiwepo, TANESCO wakate kwanza au kazi ifanywe kwa njia nyingine. Kuvisha waya bomba la plastiki, kama wengine wanavyofanya, si kinga.

Kushusha

Wengi hushusha wakiwa wamechoka, na kushusha kuna mtego wake. Mguu unarudishwa kwanza ndani hadi sentimita 80, hatua kwa hatua kama ulivyotoka, magurudumu yashike ukuta. Ukishusha ngazi ikiwa bado kwenye moja kwa nne, raba inakamata, kamba inalegea mikononi, halafu kichwa kinaachia na kushuka chote kwa mara moja.

Kisha vuta kamba kidogo kwenda juu hadi loki zipite kidato na ulimi wake ujikunje, ndipo ushushe. Loki zilizojaa saruji hazijikunji. Moja inapita, nyingine inakalia kidato, na kipande kinakwama kikiwa kimepinda. Msikitikise. Rudisheni juu kidato kimoja, mjaribu tena. Ikikataa mara ya tatu, mmoja akishikilia kamba, mwingine alaze ulimi kwa kijiti kirefu kutoka chini, wala si kwa kidole. Jioni loki zioshwe kwa maji na burashi, zikauke, zipate tone la mafuta mepesi ya cherehani. Grisi inakusanya vumbi la lipu na kuwa saruji ya pili.

Simamisheni kushuka vidato viwili kabla ya mwisho, vibanio visije vikagonga. Ilazeni chini, fungueni bolti nane, kila chuma na tyubu yake. Kifaa kisibaki kwenye ngazi juu ya keria ya Noah: njia nzima kutoka Mafinga magurudumu yatakuwa yanazunguka, na vibanio vitakuwa vinasaga mwimo ule ule mliokataa kuutoboa.